Ngoma Zetu Zisiwe Makinikia

Mwezi wa Machi 2017 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani ule mchanga wenye madini uliokuwa ukitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, kwenda ng'ambo kuyeyushwa. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kwa miezi kadhaa, katika kila baraza, hata huku kwetu visiwani ambako hakuna mgodi wa dhahabu hata mmoja, wananchi waliulizana swali moja: ndani ya mchanga ule mna nini, na ni nani aliyeupima kabla haujaondoka?

Swali hilo lilikuwa la haki, na leo tunalirudia. Lakini safari hii hatuulizi juu ya dhahabu, bali twauliza juu ya sauti. Katika ardhi ile ile ya Shinyanga na Geita imo mali nyingine, isiyohitaji kontena wala meli, na isiyopitishwa kwenye mizani ya soko la madini. Mali hiyo ni ngoma za Wasukuma: mapigo yao, njuga zao, mlio wa majembe yao na sauti za manju wao. Siku hizi mali hiyo yaweza kuchotwa kwa simu ya mkononi, ikakatwa vipande vipande ndani ya kompyuta, na kabla ya jua kuchwa ikawa sehemu ya muziki wa mashine katika ukumbi wa mji ambao mpiga ngoma hata jina lake hajapata kulisikia. Ni nani anayeipima?

CHUMBA CHA KAHAMA

Katika ziara yetu ya mikoa hiyo miwili tulikaribishwa Kahama katika chumba kimoja cha kupanga, si mbali na soko. Mlikuwa na kompyuta moja, spika mbili, kinanda kidogo cha umeme, na magodoro yaliyosimamishwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Mwenye chumba ni kijana, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hakutuomba tumtangaze. Alitupa shikamoo, akatuvutia viti, kisha akatusikilizisha kazi zake mbili. Zote mbili zilikuwa za mtindo uitwao haus, wenye kishindo kizito kinachorudi bila kukoma, kimoja baada ya kimoja, mara nne kwa kila hatua ya wimbo.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mashine tupu. Ilikuwa safi, na baada ya dakika mbili tulijikuta tumekwisha kuisahau hali bado inapigwa. Kazi ya pili ilikuwa na kishindo kile kile, lakini juu yake palikuwa na ngoma aliyoinasa kijijini kwa babu yake, pamoja na njuga, kikohozi cha mtu, na mlio wa jembe likigongwa kwa chuma. Hapo miguu yetu, ambayo haina sifa yoyote katika uchezaji, ilianza kutikisika yenyewe.

"Mzee, ule wa kwanza niliumaliza usiku mmoja," alitueleza. "Huu wa pili umenichukua mwezi mzima, na bado babu anasema ngoma nimeiweka mbele mno."

Tulimwuliza babu amepata nini. Kijana aliinamisha kichwa, akajibu kwamba alimpelekea kilo mbili za sukari, na bibi akampelekea kitenge. Kisha akatuonyesha ujumbe katika simu yake. Mtu mmoja wa ng'ambo, ambaye hawajapata kuonana, amesikia kazi ile na anataka kununua ngoma tupu, bila ya wimbo, kwa malipo ya mara moja tu, ili aitumie apendavyo. Kijana hakuwa amejibu. Alitaka kujua sisi tunaonaje. Makala hii ni jawabu letu, na tunaliandika hadharani kwa sababu swali si lake peke yake.

MASHINE SI ADUI

Pana wazee watakaosema kwamba muziki huu wa mashine ni wa kigeni na hautuhusu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Tarehe 10 Desemba 1962, alipohutubia Taifa siku ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walizijua rumba na chachacha kuliko walivyoijua gombe sugu au lelemama, na siku hiyo akatangaza kuunda wizara ya utamaduni na vijana. Mwalimu hakusema kwamba kujifunza cha wengine ni dhambi. Alisema kwamba taifa lisilo na chake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Wengine baadaye walijaribu njia fupi. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku ile haikuzaa ngoma mpya hata moja.

Yafaa pia ikumbukwe haus ilitoka wapi. Haikutoka katika majumba ya matajiri. Ilizaliwa Chicago, Marekani, mikononi mwa vijana weusi, khasa katika klabu iitwayo Warehouse iliyofunguliwa mwaka 1977, ambamo Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri. Na inasemekana kwamba jina la haus limetokana na jina la klabu hiyo. Vijana wale hawakuwa na fedha za kulipa bendi nzima. Walitumia mashine za ngoma zilizotengenezwa Japani, kama ile Roland TR-909 ya mwaka 1983, na kwa mashine hizo wakajenga muziki uliozunguka dunia. Ndugu zetu wa Afrika Kusini waliupokea, wakautia damu yao wenyewe, na mwaka 2022 mmoja wao, Black Coffee, akatunukiwa tuzo ya Grammy. Kwa hivyo mashine si adui. Mashine ni jembe, na jembe hulima shamba la yule alishikaye.

MKONO UNA SIRI

Kwa nini basi kazi ya kwanza ya kijana wa Kahama ilikuwa imekufa, na ya pili ilikuwa hai? Tulimwomba atufafanulie, naye alitufafanulia kwa subira kama mwalimu wa skuli.

Haus huenda kwa mwendo wa mapigo kama 120 hivi kwa dakika. Maana yake ni kwamba kila nusu sekunde hushuka kishindo kimoja. Kompyuta huigawa nusu sekunde hiyo katika sehemu nne zilizo sawasawa, kila moja ikiwa ni sehemu 125 za elfu ya sekunde, na mtayarishaji asiyekuwa mwangalifu huliweka kila pigo juu ya mstari wake bila kuzidi wala kupungua. Aidha, kwa kanuni ambayo vyombo vya umeme vimekuwa vikizungumzia baina yao tangu mwaka 1983, nguvu ya kila pigo hupewa namba isiyozidi 127. Mvivu huyapa mapigo yote namba moja. Matokeo yake ni ngoma ambayo kila pigo lake ni pacha wa jingine, na sikio la binadamu, likishatambua kwamba hakuna jipya linalokuja, huacha kusikiliza.

Mpiga ngoma wa kweli hafanyi hivyo, hata akitaka. Mkono wake wa kulia si sawa na wa kushoto. Pigo moja hulitanguliza kidogo, jingine hulichelewesha kidogo, kwa kiasi ambacho saa ya ukutani haiwezi kukionyesha lakini mwili hukihisi. Ichukuliwe bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo Wasukuma waliikuza katika kazi za ushirika shambani. Wakulima wakisimama katika mstari wenye urefu wa mita 30, na ngoma ikiwa upande mmoja, sauti yake humfikia wa mwisho baada ya karibu sehemu 9 za mia ya sekunde. Kwa hivyo majembe hayashuki kwa mpigo mmoja kamili, bali hushuka kama wimbi. Wimbi hilo ndilo uzuri wenyewe. Mtayarishaji anayelinyoosha kwa kompyuta anafanana na fundi anayempiga randa kinyago.

Kijana wetu amejifunza kutolinyoosha. Huinasa ngoma nzima ikipigwa kwa muda mrefu, uwanjani, pamoja na upepo wake. Kisha hutafuta sehemu ambayo wapigaji wamepatana vizuri, na badala ya kuilazimisha ngoma iifuate mashine, huisogeza mashine iifuate ngoma. Malimba ya mkono huyaacha na sauti zake kama yalivyotengenezwa, bila ya kuyabana yafanane na kinanda cha Kizungu. Kinanda ndicho kinachorekebishwa. Kishindo kizito cha chini hukiachia mashine, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iwezayo vizuri, lakini hukipunguza kila mara ngoma kubwa ya ngozi inapotaka kusema, ili vishindo viwili visigombee mlango mmoja.

Huko Geita, katika machimbo ya wachimbaji wadogo, tulisikia jambo lililotuthibitishia maneno yake. Makarasha yanayosaga mawe hunguruma kutwa kwa mwendo usiobadilika, na kandokando yake vijana wanaoponda kokoto kwa nyundo huimba. Hawaimbi kinyume cha mashine wala hawaifuati kitumwa. Huiacha iende, wao wakaicheza pembeni. Bila ya kompyuta wala umeme wa ziada, wachimbaji wale walikuwa wamekwisha kulipata jawabu.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kama jambo geni. Aliyepata kukaa mbele ya safu ya maulidi ya homu anajua kwamba matari hayaendi kwa saa. Huenda kwa pumzi za watu waliopiga magoti pamoja. Na tuliosoma chuoni utotoni tulifundishwa mapema, katika jambo lililo tukufu zaidi na ambalo hatulilinganishi na ngoma, kwamba urefu wa sauti na mahali pa kuvuta pumzi ni elimu, na kwamba elimu hiyo hupokewa kutoka kinywani mwa mwalimu, haipatikani kwa kutazama maandishi peke yake.

FUNZO LA TAARABU

Tena tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Ikhwani Safaa imekuwapo Unguja tangu mwaka 1905. Kwa miongo mingi taarabu yetu ilikuwa na ganuni, udi, fidla na nai, na kila chombo kilikuwa na mtu wake. Ilipofika miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilianza kubeba kazi za watu kumi, na taarabu ya kisasa ikaenea kila pembe. Hatusemi kwamba haikuleta furaha. Harusi zetu zinatoa ushahidi. Lakini iliyoondoka pamoja na wale wapiga ganuni ilikuwa ni elimu, na kuirudisha kumetaka kazi kubwa, ikiwa ni pamoja na chuo cha muziki kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Shinyanga na Geita bado wana wapigaji wao. Wana mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yaliyoanzia kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ambayo hadi leo hushindana uwanjani baada ya mavuno. Wanao waimbaji kama Bhudagala na Nelemi Mbasando, ambao nyimbo zao za Kisukuma zimejaa katika simu za Kanda ya Ziwa. Hawajachelewa.

Wala si kwamba njia haijapata kupitwa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitoa mwaka 2002 santuri iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada, ambamo zeze na malimba vilikutana na vyombo vya umeme. Mwanawe, Msafiri Zawose, akafuata na Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka huo huo vijana wa singeli wa Mburahati, Dar es Salaam, walitolewa Kampala katika mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na mwendo wao wa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika ukawapeleka katika majukwaa ya Ulaya. Jambo moja linazifunga kazi hizi zote: majina ya wenyewe yameandikwa juu yake.

NANI MWENYE NGOMA?

Hapo ndipo tunaporudi kwenye ule ujumbe wa simu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Ilikuwa zama za ukoloni, na sauti za babu zetu zilitoka nchini bila ya wao kuwa na kauli. Hata hivyo ziliwekwa pamoja na maelezo yake. Leo katika intaneti huuzwa mafungu ya vipande vya sauti yaliyoandikwa "ngoma za Afrika" basi, kama kwamba Afrika ni kijiji kimoja chenye mpigaji mmoja asiye na jina. Mnunuzi hulipa mara moja, akawa huru kuvitumia daima. Hayo ndiyo makinikia: mchanga umeuzwa kwa bei ya mchanga, na dhahabu iliyomo ikahesabiwa ng'ambo.

Sheria tunazo. Kwa upande wa Bara ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo COSOTA huisimamia. Sheria hiyo haimlindi mtunzi peke yake, bali na mpigaji kwa kile alichokipiga. Tena inayo sehemu inayolinda sanaa za jadi, ikitaka kiwepo kibali pale zinapotumiwa kwa kutafuta faida nje ya mazingira yake ya asili. Kwa upande wa Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki Na. 14 ya 2003 na chombo chake, COSOZA. Upungufu haumo katika karatasi. Umo katika ukweli kwamba babu wa kijijini hajui kwamba ana haki, mjukuu wake hajui namna ya kuiandika, na afisa aliye baina yao hajaona kwamba ni kazi yake.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne, nayo yote yanawezekana kwa watumishi na sheria tulizonazo.

Kwanza, kila afisa utamaduni wa wilaya awe na daftari la vikundi vya ngoma, lenye jina la kikundi, manju wake, wapigaji wake na ngoma wanazozijua. Mali isiyoandikwa haina mwenyewe mahakamani.

Pili, iandaliwe hati fupi ya makubaliano kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja, ambayo mtayarishaji na wapigaji wataitia saini au dole gumba kabla ya kunasa. Iseme majina yatakavyoandikwa, na mapato yakija yatagawanywa vipi. Neno "malipo ya mara moja" liwe la kuulizwa mara mbili.

Tatu, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wenye chumba, kompyuta na vipaza sauti ni kikundi cha uzalishaji kama kile cha kufuga kuku. Wanaopitisha maombi wasicheke wakiliona neno muziki.

Nne, tujifunze kwa dhahabu yenyewe. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, likiwemo la Geita, ili mchimbaji mdogo auze mbele ya mizani. Na mwaka 2021 kikafunguliwa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa hapa nchini. Sauti nazo zinataka mizani na kiwanda. Studio moja nzuri katika mji wa Kahama au Geita, iliyo wazi kwa vikundi vya ngoma na kwa watayarishaji vijana, itafanya kazi ikamilike nyumbani, na kitakachosafiri kiwe ni wimbo wenye jina.

Kwa wenzetu wa visiwani tunaongeza neno moja. Msewe na kibati cha Pemba, beni na lelemama, navyo vyaweza kuchotwa kwa simu leo jioni. Tusingoje hadi tuisikie ngoma ya bibi zetu kwenye tangazo la sabuni la nchi nyingine ndipo tukimbilie ofisi za COSOZA.

Na wewe, kijana wa Kahama, jawabu letu ni hili. Usimkatae mgeni, maana kuupenda muziki wako si kosa. Mwambie kwamba ngoma tupu haiuzwi. Kwamba uko tayari kufanya naye wimbo mmoja mkiwa wawili, majina matatu yakiandikwa, na la kwanza liwe la babu. Akikubali, nenda kijijini na hati mkononi, umsomee mzee kila mstari hadi aridhike. Akikataa, umepoteza fedha ya mwezi mmoja, na ngoma bado ni yenu. Kisha irudishe nyuma kidogo ile ngoma, kama alivyokwambia. Mzee yule amekuwa akiipiga kabla hujazaliwa, naye ndiye mizani yako ya kwanza.